Nilichana Ukurasa wa Daftari la Mama

Mpendwa mshauri wa gazeti, hili sijamwambia mtu, hata mdogo wangu ninayelala naye kitanda kimoja. Mama alipata kiharusi, mkono wa kushoto ukalegea na maneno yakapotea, na wanaomhudumia wodini, yaani mtaalamu wa viungo, dada anayemfundisha kuongea upya na manesi, zamu zao hazikutani, kwa hiyo wanaandikiana kwenye daftari linaloning'inia kitandani, tena kwa lugha ya shuleni ambayo baba haijui, mimi ndiye ninayemsomea. Sasa Jumatatu nikakuta yule dada ameandika kwamba mama ametamka neno la kwanza, amemwita yeye "mwanangu." Yeye! Mimi ninayemsuka na kumlisha kila nikitoka shule hajaniita hata "we." Roho iliniuma, nikauchana ule ukurasa, nikautia kwenye soksi. Baba akauliza, "Wameandika nini leo, binti yangu?" Nikamjibu, "Hamna kitu, baba."

Nyumbani ndipo nikaona nyuma yake mtaalamu wa viungo ameandika kwamba bega la kushoto limeachia, asivutwe mkono huo kabisa. Siku ya tatu sasa nesi wa jioni anamwinua kwa mkono huohuo, mama anaguna, nesi anamtania, "Leo umeninunia kama nimekuibia mchumba!" na mimi nimesimama tu kama nguzo, maana nikisema watajua namwonea wivu binti wa watu. Nifanyeje? Nasikia viatu vya baba vinakuja mlangoni, naficha karat...

*

Binti yangu, pole, na uone aibu pia. Ulimi unaoamka hushika neno ulilolizoea. Hilo mama alilizoea kwa kumwita nani miaka yote, kama si wewe? Umemwonea wivu mtu aliyepewa jina lako kwa bahati mbaya.

Lakini usinililie hapa. Watu wale hawana mdomo mwingine ila daftari hilo. Umeuziba, na anayeumia ni mama, asiyeweza hata kusema "acha." Funga gazeti sasa hivi, uende wodini na huo ukurasa, umpe nesi kabla hajamgusa. Sema, "Nilichana mimi." Usimsingizie upepo. Kisha msomee baba pande zote mbili, hata ule unaokuchoma.

Nesi atakufokea. Mwache afoke, mradi anafoka huku ameuachia ule mkono.