Mstari wa Kwanza wa Orodha ya Cherehani

Mpendwa Akiru, mwenzangu wa mkeka,

Natumaini maji hayajapungua huko mlikohamia na mbuzi. Barua hii nampa shangazi yako anayeuza maziwa Kakuma, naye atatafuta mtu wa kukusomea. Sijaifunga kwa gundi. Huyo msomaji na asikie pia nilichokufanyia.

Unakumbuka kambi ya likizo ya Agosti mwaka jana, pale kanisani Kakuma? Mimi nilitoka mjini Lodwar na sanduku la bati, wewe ukatoka Lopur kwa miguu. Tukapewa mkeka mmoja. Nilipokusalimu "Ejok," ulicheka hadi ukakaa chini. "Mtoto wa ofisi naye anajua Kiturkana!"

Asubuhi yalikuwa masomo ya lazima, kengele baada ya kengele. Kwenye hesabu ulinishinda, kwa kuwa umezoea kuhesabu mbuzi wakiwa wanatembea. Alasiri kila mtu alikuwa huru kuchagua: mpira, kuimba, kusoma, au cherehani za yule mama Mkongo. Mwalimu alinipa orodha niandike majina kwa sababu ya mwandiko wangu.

"Andika mimi cherehani," ulisema. "Hiyo ndio ilinitoa Lopur." Kisha ukanyoosha mkono. "Ama lete kalamu nichore mwenyewe. Alama ya sikio ya mbuzi ya baba: kata mbili juu, moja chini. Kila mtu anajua ni sisi."

"Hapa tunaandika majina, si mbuzi," nikasema. Wote wakacheka. Ulicheka nao, lakini mkono ukaurudisha taratibu.

Nafasi ya cherehani ilikuwa imebaki moja. Nikaandika jina lako kwenye kusoma. Mwalimu alipouliza, nikamwambia umetaka mwenyewe, ujue herufi kwanza. Akanisifu kwamba nina moyo wa kusaidia wenzangu. Halafu, Akiru, nikaandika jina langu kwenye cherehani.

Wakakuketisha na watoto wadogo. Mmoja akauliza kwa sauti, "Huyu mama naye ni wa darasa letu?" Ukageuka, ukaniona kupitia mlango, mguu wangu ukiwa kwenye pedali. Hukuniuliza kitu, siku hiyo wala siku iliyofuata. Asubuhi ya tatu nilipotoka kuoga nilikuta mkeka umekunjwa nusu, upande wako, na wewe umeshaondoka.

Baba husema kuchagua huwapotezea watoto muda, heri masomo kutwa nzima. Nilikuwa nikiitikia. Sasa naona aibu, maana si kengele iliyokufukuza. Kengele uliivumilia vizuri kuliko mimi. Uliondoka kwa sababu saa ile moja iliyokuwa yako, mimi niliichukua, nikaiita msaada.

Kambi imefunguliwa tena wiki hii, na mwalimu akanipa orodha kama mwaka jana. Nikashindwa kuipokea. Nikamwambia yote, nikilia. Akafuta miwani yake kwa shati.

"Mimi si Akiru," akasema. "Mwambie yeye."

Ndiyo maana ninaandika. Nisamehe, ukiweza. Ukishindwa, nitaelewa.

Orodha sikuiandika mimi. Nimeibandika ukutani na kuning'iniza kalamu kwa uzi, kila mtu ajiandike mwenyewe au achore anachotaka. Mimi nimejiandika kwenye kuimba, na sauti yangu unaijua, kwa hiyo wahurumie wenzangu. Mstari wa kwanza wa cherehani nimeuacha mtupu. Mwalimu amekubali usiguswe hadi siku ya kufunga kambi.

Leo msichana mmoja aliushika kwa kidole, akauliza, "Huu ni wa nani? Mbona hakuna jina?"

Nikamwambia mstari huo una mwenyewe, na akija hatahitaji mtu wa kumshikia kalamu.

Nakusubiri upande wangu wa mkeka,
Mwenzako wa Lodwar