Mtoto Asile Peke Yake

Yakaulang, Bamyan
Siku ya theluji ya pili

Kwa mdogo wangu Sakhidad,

Naomba barua hii ikukute mzima, na mgongo wako umepoa baada ya kubeba matofali ya watu huko Iran. Sisi tunapumua. Mama anakohoa kidogo, binti zangu watatu hawajambo, tanuri linawaka. Theluji inashuka tangu alfajiri bila sauti, na moshi wa mkate umekataa kupanda; umejilaza juu ya paa kama paka. Siku kama hii naona bonde zima linaota, nasi tunatembea polepole ndani ya ndoto yake.

Lakini ile sauti uliyotuma kwenye simu ya Ewaz dereva ilinizindua. Umesema, watu wakisikia, kwamba nimenenepesha wanangu na wako nimemwachia mifupa, na kwamba mwaka mpya wa Nauruzi ukifika shemeji yako wa Kabul atakuja kumchukua mwanao Barat. Ewaz akacheka, "Dada mkate, mpwa wako anakufa njaa mlangoni pa tanuri!" Nikamwambia mkate wake wa leo ameshaula kwa macho, aende zake. Sakhidad, tanuri hili nililijenga mwenyewe nilipofiwa na mume, udongo nikaukanyaga kwa miguu yangu. Sijampunja mtu unga. Nitampunja mtoto uliyeniachia mama yake alipofariki?

Sikiliza hesabu. Watu wa msaada walikuwa wakija na gari lao, wanakaa karibu na msikiti, wanampima Barat mkono kwa utepe: nyekundu, yaani amekonda vibaya. Wanatoa pakiti za karanga tamu zilizosagwa laini, mbili kwa siku. Zahanati iko ng'ambo ya mto. Kule walimchanja, wakampa dawa ya kuhara, wala hawakuuliza anakula nini. Hawa hawakujua habari za wale. Utepe ukabaki palepale. Mtu wa pakiti akanitazama juu hadi chini, akauliza kama naziuza. Nilirudi nyumbani machozi yakiganda shavuni.

Vuli hii wameviunganisha vyote chini ya paa la zahanati: chanjo, dawa, utepe na pakiti. Nesi Masuma humuuliza kila anayeingia, hata mwenye jino bovu, nyumbani mnakulaje. Mama alikwenda kwa ajili ya kikohozi tu, nami nikamsindikiza. Alipoulizwa, akajibu kwa fahari kwamba kwetu hakuna choyo: mimi nikiwa tanurini, yeye hutandika kitambaa, huzikamulia pakiti zile juu ya mkate, kila mdomo ukapata. Midomo mitano, pakiti mbili. Barat alikuwa anaambulia chini ya nusu ya pakiti moja.

Nilitaka kupiga kelele. Masuma akanishika mkono, akamuuliza Mama kwa upole kwa nini mtoto asile zake mwenyewe. Mama akatazama theluji dirishani, akaongea kama aliye usingizini. Akasema kabla yangu alizaa msichana, Nekbakht. Wewe ulijua? Mimi sikujua. Mwaka wa njaa aliugua. Wakamtengea bakuli pembeni, maziwa yote yaliyobaki yakawa yake. Akala peke yake, akiwatazama wakubwa, kisha akafa. Tangu hapo, alisema Mama, mtoto anayetengewa chakula ni mtoto anayeagwa, na yeye hamuagi Barat.

Hasira ilinitoka yote. Nikanunua mabakuli sita. Sasa kila mtu ana lake juu ya kitambaa kilekile. Hakuna aliyetengewa peke yake, kwa kuwa tumetengewa sote. Masuma ametuandikia unga na maharage ya nyumba nzima, macho ya wengine yasimfuate mtoto. Mama humlisha mwenyewe, mvuke ukipanda kati yao, na Barat akilamba kidole cha mwisho huwa anacheka peke yake. Mkono umetoka sentimita kumi na moja hadi kumi na mbili. Ni manjano. Kijani ya uzima bado, sikudanganyi.

Kwa hiyo shemeji asije. Kumng'oa Barat hapa sasa hivi ni kumtengea bakuli. Ukimtaka mwanao, njoo wewe.

Binti zangu wanakubusu mikono. Barat amelala, mdomo umenata karanga. Mama amenisikiliza nikimsomea haya yote, kisha amenituma nikuulize: huko uliko, unakula na nani?

Dada yako mwenye uchungu na wewe, anayekupenda,
Gulandam