Leza ya Nashon Haiuzwi

Wino bado unakauka juu ya plastiki, Nashon. Binti yetu Ivyne ameishika isipeperuke, nami nasubiri kama ulivyotufundisha: wino mbichi ukipigwa na leza hutoa mapovu. Mwaka umezunguka tangu ututoke, na meza yako hapa Waithaka haijawahi kukaa bila kazi.

Ulikuwa mpole hata kwa mashine. Leza uliichomoa kwenye kompyuta kuukuu. Ulitueleza, kila tulipouliza, kwamba wino huo una chembe za madini ya fedha, ndogo kuliko vumbi. Joto la leza linazishikanisha ziwe njia ya umeme, bila kuyeyusha plastiki iliyo chini. Tangu Ivyne alipougua akiwa mchanga, ulitaka utepe laini wa kupima joto, wa kuzungushwa kwenye mkono wa mtoto. Kila utepe uliujaribu kwa kuuzungusha kwenye kikombe chako cha chai, ukiwa umeunganishwa na balbu ndogo ya kuonyesha kama umeme unapita. Balbu ikizimika ulicheka, ukanywa chai, ukaanza upya.

Siku ya matanga kaka yako Obuya aliniambia mbele ya watu, "Shemeji, uza hiyo kitu. Mwenyewe ameenda."

"Mwenyewe ni sisi."

"Na ikichoma nyumba?"

"Si utakuja na maji?"

Watu walicheka, naye akacheka huku analia. Hatumlaumu. Lakini tunarudia hapa, katika tangazo hili la kumbukumbu, wote wasome: haiuzwi.

Kona za mstari wa wino ndizo zilizokusumbua. Leza ilipopunguza mwendo ili igeuke, iliunguza plastiki, na utepe ulipokunjwa mstari ukakatika. Mimi ni mshona nguo tu, ila nimezichora kona kwa mviringo, kama kola ya mtoto, leza isisite popote. Jana utepe ulizunguka kikombe chako na balbu ikawaka. Tulipoukunja mara ya pili, ikazimika. Kona moja bado inatugomea. Na igome. Wino huu hautakauka kabla ya giza. Tutawasha leza kesho asubuhi.

Unakumbukwa na mkeo Caren, binti yako Ivyne, mama yako Peres, na kaka yako Obuya, ambaye bado anasema tuuze, ila ndiye aliyetuletea balbu mpya.

Hatutakusahau, Nashon. Kikombe chako kiko mezani.