Sare ya Kiwanda Darasani

Mama,

Shikamoo. Tangu tukuzike kule juu mlimani, nimepata kazi ya kufundisha chuoni hapa Morogoro mjini. Kiwanda ulichofanyia kazi kimeuzwa, ukuta wameupaka rangi mpya. Lakini ninachokuandikia ni kingine. Nimefanya jambo bila ruhusa yako.

Wiki iliyopita nilikuwa na somo la nadharia ya kazi: kwamba kazi humpa mtu utu, si mshahara peke yake. Niliwasomea notsi, wanafunzi wakaandika, wawili nyuma wakasinzia. Nikafunga daftari. Nikasema, kulikuwa na mama mmoja, alipunguzwa kazi kiwandani na hakumwambia mtu.

Niliwaambia yote, mama. Ulivyoendelea kuamka alfajiri, ukavaa sare ya bluu na kuniaga, kwa sababu nilikuwa na mtihani wa kidato cha nne. Kumbe ulikuwa unapanda mlimani kufanya kibarua kwenye mashamba ya mboga, sare umeikunja kikapuni. Mpaka siku niliyoona udongo mwekundu kwenye kucha zako. Ulisema, "Hili libaki kwetu wawili." Nikakubali. Nisamehe.

Hakuna aliyesinzia tena. Walibishana sana. Wengine walisema ulidanganya, wengine kwamba ulikwepa maneno ya majirani. Kijana mmoja akasema, "Alikuwa hajakubali kuwa si mfanyakazi tena." Nikamwambia asome ile nadharia kwa sauti. Safari hii waliielewa.

Walipotoka, Rehema alibaki. Ni binti mkimya. Akaniambia baba yake naye kapunguzwa tangu Ramadhani, na kila asubuhi bado anatoka na mfuko wake wa kazi. Nyumbani wote wanajua, hakuna anayesema. Akauliza, "Yule mama, mtoto wake alimwambia nini alipojua?"

Nikamjibu, "Sikumwambia kitu. Nilimwosha mikono."

Akakusanya madaftari yake, akaenda nyumbani.

Juzi alikuja ofisini. Alisema alimpokea baba yake mfuko mlangoni, akamtengea maji ya kuoga, akamwambia, "Baba, kesho pumzika." Mzee akaoga, akala. Asubuhi hakutoka. Alikaa uani, akamwomba mkewe chai.

Nililia pale ofisini, mama, mbele ya mwanafunzi.

Nakuaga sasa. Nakuahidi nitaisimulia tena kwa kila darasa jipya, wala sitasema tena "mama mmoja." Nitasema Zena binti Salumu, aliyenizaa.

Mwanao,
Asha