Joto la Mjomba

Mama yangu,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta umeanza kula na presha imetulia. Mimi mwili mzima, moyo ndio hauko sawa. Kwenye simu uliniuliza kaka yako alikufaje, nikasema nitaandika. Sasa naandika.

Unajua hapa karakana ya Cibitoke tulikuwa tunatengeneza mashine za kuangulia mayai. Ya mwisho ilitusumbua. Thamista, kile kipande kidogo cha kupima joto, haikutulia: taa ya kupasha mayai ikiwaka tu, namba zinarukaruka. Nikatenga nyaya zake mbali na za taa, nikafunga kapasita ya kutuliza umeme, nikaipangia mashine ipime mara nyingi kisha itoe wastani. Namba zikasimama. Nilifurahi mpaka nikaimba.

Ikabaki kuhakiki. Unamjua Mjomba, kipimajoto chake kilikuwa kwapa lake. Akaibana thamista kwapani, tukasubiri. Ikasoma thelathini na tisa, haitikisiki.

"Apana, iyi kitu inadanganya," akasema. "Mi niko muzima. We rudisha mpaka trente-sept."

Nikamtania kwamba kwapa nalo limezeeka, akacheka sana. Nikairudisha mpaka thelathini na saba, joto la mtu asiyeumwa.

Mashine ikaenda kwa mama mmoja mfugaji wa Musaga. Siku zile Mjomba alikuwa akisema amechoka tu, anajilaza mchana. Kisha yule mama akarudi na mashine yake na kipimajoto alichoazima kwa nesi jirani yake; vifaranga wamefia ndani ya mayai. Tukakiweka ndani. Mashine inasema thelathini na saba, kipimajoto kinasema thelathini na tisa. Kumbe siku ile kwapani thamista haikudanganya. Nikamwacha amesimama pale, nikakimbilia chumbani. Mjomba alikuwa anatetemeka, ananiita kwa jina lako. Hospitali walisema malaria imeshapanda kichwani. Hakuamka.

Mama, nilikuwa nalala chumba kimoja naye na sikumwekea mkono kwenye paji la uso hata mara moja. Wewe ungemwekea. Naumia, na hapa sina wa kumwambia.

Majirani wa msikitini walimzika kwa heshima, walimlia kama ndugu yao. Nisalimie mama mdogo na watoto wake. Nisalimie na Bibi, ambaye sijui mmemwambiaje kuhusu mwanawe.

Ukinijibu, usianze na kwamba Mungu amependa. Anza kwa kuniambia kama bado naweza kuja nyumbani.

Mwanao,
Idi