Ile Picha ya Mimi na Wembe

Nyumba ya Walimu Na. 11,
Nyuma ya uwanja wa michezo,
Shuleni.
Jumamosi, tarehe 9, mwezi wa tano.

Mpendwa binamu na mtani wangu, Fundi Fumua,

Shikamoo sikupi, maana nimekuzidi miezi minne na hilo hutalibadilisha hata uote mvi mpaka kwenye nyayo. Pokea salamu ya kawaida: hujambo? Magoti yanasemaje? Na shemeji, kile kikohozi kimekwisha, au bado anaamka kabla ya jogoo? Sisi huku wazima. Mimi ni mzima kuliko wote. Napanda ngazi za nyumba hii mara nne kwa siku bila kushika ukuta, wakati mkwe wangu, kijana wa miaka arobaini, akifika juu anahema kama mvukuto.

Barua hii nimeiandika kwa mkono wangu, usitafute mwandiko wa mtu mwingine. Herufi zimelala, najua, lakini zimelala upande mmoja zote, kama mshono wa fundi. Nimeanza Alhamisi, leo namaliza.

Sababu unaijua. Umeiona ile picha. Huyu mkwe wangu mwalimu wa hesabu, badala ya kuhesabu, ameirusha kwenye kundi la familia, na chini yake akapanga vile visura vinavyocheka mpaka machozi. Nimesikia ulicheka ukapaliwa, shemeji akakupa maji. Umenipigia simu mara sita, sikupokea makusudi. Kwenye simu ungenicheka kabla sijafika katikati. Barua haikatizwi. Kaa chini, vaa miwani, soma mpaka mwisho, ndipo ucheke kama bado una hamu.

Kwanza nikueleze ninavyoishi, maana ninyi mnadhani niko peponi. Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Mimi huu ni mwezi wangu wa nane hapa, jembe sijapewa. Nikitaka kuosha kikombe, binti ananiambia, "Acha Baba, pumzika." Nikitaka kufagia ngazi, anakuja mtu wa usafi mbio, ananipokonya ufagio kama nimeuiba. Nimepumzika mpaka nimechoka.

Na nyumba hii si yetu. Ni ya shule, na kila kitu ndani yake kimebandikwa namba. Kijiko kina namba. Ndoo ina namba. Mto ninaolalia una namba. Mtu ukikaa kwenye kiti kile cha sebuleni bila kujitikisa nusu saa, nawe utabandikwa. Walimu wenyewe wametoka nchi zote chini ya jua, kila mmoja asubuhi anapita na kikombe chake mkononi akikimbilia kengele, hana muda hata wa kujua kama uliamka.

Sasa sikiliza jambo lenyewe. Binti yangu na mumewe wako huku kwa mkataba wa miaka miwili miwili. Mwezi huu ndio mwezi wa barua. Mkuu wa shule anawaandikia walimu wote, huyu abaki, huyu aende, na zinatoka siku moja, Ijumaa. Tangu mwezi uingie, walimu wanatembea kama kuku walioona kivuli cha mwewe. Jirani yetu mwalimu wa muziki aliambiwa mapema kwamba yeye basi, na maboksi yake yamepangwa mlangoni. Ndiye atakayekuletea barua hii, maana anarudi kwao na atapita huko. Mpe kiti na mpe chakula, ni mtu mwema ingawa anapiga zeze lake vibaya.

Elewa vizuri, binamu. Kazi ya binti, nyumba, kibali cha sisi wote kukaa huku, na masomo ya mjukuu, vyote vimeshonwa kwa uzi mmoja. Uzi ukikatika, vyote vinadondoka sakafuni siku moja.

Mjukuu unamjua, yule ninayemwita Bibi Maswali. Ana miaka saba. Sare ya shule yao ni suruali ya buluu, wavulana kwa wasichana. Siku ya kwanza nilipoishika nikaigeuza ndani nje, nikatafuta mifuko. Hakuna. Nikadhani fundi alisahau. Nikatazama ya pili, nayo hivyo hivyo. Suruali isiyo na mfuko, binamu! Hilo ni gunia lenye miguu miwili. Na mtoto huyu ana mafua yasiyokwisha. Kutwa nzima leso iko mkononi. Anakula na leso, anaandika na leso. Siku moja akaniuliza, "Babu, kwa nini nguo yako ina mahali pa kuweka vitu na yangu haina?" Mimi, fundi wa miaka hamsini, nimekosa jibu la suruali!

Unakumbuka kichwa cha cherehani yangu nilikuja nacho, nimekizungushia mablanketi mawili, na mkwe akaona haya uwanja wa ndege. Nikakitoa. Kitambaa cha mifuko sikuwa nacho, lakini kabatini kulikuwa na shuka jeupe, zito, pamba tupu, halilaliwi na mtu. Nikakata. Nikamwekea mifuko miwili ya pembeni, mdomo umelala sawasawa kiunoni, huwezi kujua kama suruali ilizaliwa nayo au iliipata ukubwani.

Basi mtoto akaenda shule mikono mitupu. Jioni akarudi na mwenzake. Kesho yake wawili. Kisha wakaanza kuja na mama zao, mke wa daktari mmoja, na mama mmoja mrefu anayeendesha baiskeli. Hatuelewani lugha hata neno, lakini suruali ikigeuzwa ndani nje inajieleza yenyewe. Kwa wiki mbili nikashona suruali kumi na tatu. Mifuko ishirini na sita! Sikumtoza mtu chochote. Nilikuwa naamka asubuhi nikijua ninaamkia nini. Binti kutwa yuko darasani, hakujua. Nami sikuona sababu ya kujitangaza. Kizuri chajiuza.

Jumanne nikaitwa ofisini kwa mkuu wa shule.

Binamu, hapa naomba usimsomee shemeji. Nilifurahi. Nilijua ninaitwa kupewa kazi ya ufundi wa shule nzima. Nikanyoa ndevu. Nikavaa lile koti la harusi ya binti, nikatia utepe wa kupimia mfukoni ili wasinikute sina vifaa. Njiani nikawa napanga nitaomba meza ya aina gani.

Nakuta suruali zangu kumi na tatu zimelala juu ya meza, matumbo nje. Binti yangu amekaa pembeni, uso chini. Mkuu wa shule, mtu mwembamba mwenye tai inayombana, akaanza kusema, na binti akawa ananitafsiria.

"Baba, anasema mifuko hairuhusiwi."

"Muulize leso wataweka wapi."

"Baba, tafadhali."

"Si nauliza tu? Muulize. Yeye mwenyewe suruali yake ina minne, nimeihesabu alipoinuka."

Mkuu akasema ni kanuni, watoto huficha simu na mawe, na mwaka juzi mmoja aliingia darasani na chura. Nikasema chura ni kosa la chura. Binti hilo hakulitafsiri. Ndipo ikatoka karatasi ya mama anayetunza stoo ya shule: shuka jeupe namba nne, mali ya shule, halionekani. Mimi nikatazama dirishani.

Nikaona sasa niseme kama mtu mzima. Nikaeleza kazi yangu tangu ujana, watu niliowavisha, mabwana harusi, mahakimu, jinsi hakuna nguo yangu iliyowahi kurudishwa. Nilisema robo saa, nimesimama. Nilipokaa, binti akatafsiri kwa pumzi moja. Neno moja tu. Na neno hilo la lugha yao mimi nalijua, maana ndilo wanaloniambia wakinigonga kwenye korido. Alisema samahani.

Wakaamua mifuko yote ifumuliwe, nguo zirudi kwa wenyewe Alhamisi. Nikamwambia binti amwambie mkuu wake hivi: mshono wangu sijawahi kuufumua, na sifumui kwa amri ya mtu. Nikatoka. Hata mlango sikuufunga.

Jumatano mchana binti akarudi na zile suruali ndani ya boksi, akaliweka juu ya meza ya jikoni. Mimi nimekaa kwenye kiti chenye namba, nimempa mgongo.

"Baba."

"Nilishasema."

"Ijumaa ndiyo barua."

"Kwani mimi ndiye ninayeandika hizo barua?"

Akafungua boksi. Nilitegemea anijibu, nina majibu mengine matatu nimeyaweka tayari. Kisha akasema polepole, "Basi usihangaike Baba, nitafumua mwenyewe." Akaenda kuchukua mkasi wa kucha.

Mkasi wa kucha, binamu!

Nikasikia kitambaa kinalia. Unaijua sauti ile, uzi ukivutwa kwa nguvu na kitambaa kikafuata. Nikajikaza. Nikaisikia tena. Nikageuka. Mtoto wangu amejiinamia, ameshachana kiuno cha suruali ya mtoto wa daktari, na machozi yanadondoka juu ya kitambaa. Kutwa anafundisha watoto wa watu kusoma, usiku anaandaa masomo, na sasa anafumua kazi ya baba yake kwa mkasi wa kucha ili baba yake apate mahali pa kulala.

Nikainuka nikamwambia, "Ondoka hapo, unaharibu nguo ya watu. Niletee wembe wa mumeo."

Kwa hiyo weka jambo hili sawa, na mtu akikuuliza umjibu hivyo: sikufumua kwa amri ya mkuu wa shule. Nilifumua kuokoa kitambaa. Nilianza na ya Bibi Maswali. Alisimama karibu nami akitazama.

"Babu, hata yangu?"

"Yako ndiyo ya kwanza."

"Kwa nini?"

Nikamwambia alete simu ya baba yake acheze. Ndipo akapiga ile picha. Sasa unajua nani alipiga na kwa nini nimekunja uso. Sikukunja kwa hasira. Nilikuwa natafuta uzi mweupe kwenye kitambaa cheupe bila miwani, maana miwani mtoto alikuwa ameivaa yeye.

Nilimaliza kabla jua halijazama. Ishirini na sita yote. Tundu la sindano halionekani hata moja, na pale alipochana binti nimepaziba, ukipaona nakupa cherehani yangu.

Jana Ijumaa bahasha zikatoka. Binti aliingia, akaniwekea bahasha kichwani kama kofia, akakaa sakafuni akalia na kucheka kwa pamoja. Wameongezewa miaka miwili, yeye na mumewe. Nikasema hongera. Moyoni nikahesabu: miaka miwili na mimi ndani yake. Nimejishonea gunia na kuingia mwenyewe. Na bahasha ile ilikuwa na karatasi ya pili iendayo kwa wazazi wote, kwamba mifuko ni marufuku, ikiwemo ile inayoshonwa na jamaa wa walimu. Jamaa wa walimu ni mimi. Shule nzima ina jamaa mmoja tu mwenye cherehani. Ahsante ya kuokoa nguo kumi na tatu sikuiona popote.

Leso imerudi mkononi mwa mtoto. Hilo ndilo linalonikera kuliko yote.

Sasa nina neno moja na wewe. Ile siku yako, bwana harusi amesimama dukani na fulana, wewe umekaa chini unafumua mikono ya koti uliyoishona kinyume, wa kulia kushoto, na mimi nikakuita Fundi Fumua mbele ya wateja. Jina likakuganda miaka arobaini. Mpaka wanao wanaitwa watoto wa Fumua. Jumatano, nilipofika kwenye suruali ya nane, nilikukumbuka. Nilikumbuka hukusema kitu siku ile, ulifumua tu, vizuri, bila kuchana. Sikuwahi kukwambia kwamba uliifumua vizuri.

Ndani ya bahasha hii nimekuwekea mfuko mmoja, ule wa kushoto wa Bibi Maswali. Mdomo wake nimeufumua, lakini mshono wa chini, ule wa mviringo, uko kama ulivyotoka mkononi mwangu. Usiwaonyeshe wale wa kundi la familia wanaoicheka picha. Upeleke dirishani penye mwanga, uugeuze, upitishe kidole chako. Ukikuta mahali pamepinda, nicheke mpaka ufe. Usipokuta, niandikie, kwa mkono wako.

Mpe shemeji salamu zangu na umwambie anywe tangawizi kwa kile kikohozi. Msalimie dada yako mkubwa na yule mwanao fundi baiskeli, na mjukuu wako aliyezaliwa nikiwa safarini, nitamshonea akianza kutembea. Binti na mkwe wanakusalimu. Bibi Maswali anauliza kwa nini wewe huna meno ya mbele, mjibu mwenyewe.

Mungu akulindie macho, maana magoti tumeshayakosa, na atukutanishe tungali tunaweza kutia uzi kwenye sindano.

Ni mimi nikupendaye, hata ukicheka,

Fundi Fumua wa Pili,
lakini wa kwanza kwa mshono.