Bunduki Fupi ya Kwenye Simu

Shelui, Jumamosi usiku

Shingo bado inauma pale Mjomba Elia aliponikaba. Mtu mzima mimi, nina mke, nakabwa mbele ya sahani ya ugali kwa sababu ya gemu ya simu!

Nilimwonyesha tu ile bunduki fupi ninayoipenda, ya kukunja kitako. Nikamwambia, "Mjomba, hii ni tamu ukivamia nyumba, ila kwa mbali ni dhaifu."

"Dhaifu?"

Nikacheka. Hapo ndipo akanirukia, akanibana ukutani, simu ikaanguka.

"Waliifupisha kwa ajili ya askari wa vifaru, wapate kugeuka nayo mle ndani," alisema, mate yakinirukia usoni. "Majambazi wakaipenda, maana inakaa chini ya koti. Walimmiminia risasi utingo wangu akiwa mlangoni mwa lori. Mtutu mfupi unatema moto. Shati lake liliwaka kabla hajadondoka. Na wewe unacheka!"

Miaka yote hiyo anaendesha malori, hakuwahi kutuambia. Mama alipomvuta akaniachia, akanawa tena mikono, akaendelea kula.

Nimemwomba radhi. Nilijuta kweli.

Lakini kioo kimepasuka tu, gemu bado inafunguka. Sasa hivi nimeingia nyumba moja na bunduki ileile, nikamkuta mtu amejikunyata nyuma ya mlango. Nimemmiminia risasi zote. Nimefurahi, na hilo linaniogopesha.

Nilichofanya ni kupunguza tu sauti ya simu, kwa sababu Mjomba amelala chumba cha pili.